Samaki wa Mto Amebadilika Umbo: Uliza "Lini" Kabla ya "Nani"

Mvua za masika zikishika tu, simu yangu huanza kujaa picha za samaki. Kambare mwenye mgongo wa upinde, kavuliwa kwenye kijito nyuma ya Nyalenda. Ningu mwembamba kama mpini wa jembe, kutoka Ahero. Omena waliovimba matumbo. Chini ya picha huwa na swali moja: "Mwalimu, ni ile kampuni inayochafua maji, sivyo?" Mara nyingine hata alama ya kuuliza haipo.

Huenda kweli ni ile kampuni. Mito yetu ya magharibi mwa Kenya haina mapumziko. Nyando hushuka na udongo wa milimani hadi maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Nzoia hupita kwenye miwa na miji kabla ya kufika Budalang'i. Sondu hukatizwa na mitambo ya umeme, na Kisat hukusanya uchafu wa mji wa Kisumu na kuumwaga Ziwa Victoria. Lakini mwili wa samaki hauandiki jina la mkosaji. Unaandika tarehe.

Unene huja na kuondoka ndani ya wiki chache. Ukubwa wa kichwa na matamvua hupangwa samaki anapokua, kwa miezi. Uti wa mgongo uliopinda mara nyingi ulipinda akiwa bado yai au kifaranga. Na umbo la ukoo mzima, wa mto huu dhidi ya mto ule, laweza kuchukua vizazi. Kwa hiyo mtu akiniambia "mgongo umepinda kwa sababu ya maji yaliyomwagwa Jumanne," na samaki mwenyewe ana urefu wa mkono, najua tayari kwamba Jumanne haina hatia, hata kama aliyemwaga anayo.

"Samaki wa huku ni wembamba kuliko wa kule"

Hili ndilo lalamiko la kawaida zaidi, na ndilo lililowahi kunitia aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa karibu na daraja la Ahero nikiwa na mabeseni mawili, mizani ya jikoni na gunia la kukalia. Beseni moja lilikuwa na ningu wa hapo hapo, jingine ningu waliotoka juu kabisa ya Nyando. Nikapima, nikaandika, nikaona wa juu ni wembamba kwa umoja wao, nikaanza kutunga ripoti kichwani. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa akinitazama tangu asubuhi bila kusema neno, akaniuliza: "Na hawa wa juu, mwanangu, walitegwa na wavu wa inchi ngapi?"

Sikujua. Alikuwa amenipiga chenga mbele ya watu, na alikuwa sahihi. Wavu wa kunasa humkamata samaki kwenye mzingo wa mwili. Mwembamba hupenya, mnene hugonga na kurudi, na anayebaki ni yule anayelingana na tundu. Maana yake ni kwamba wavu wenyewe huchagua umbo. Ukilinganisha samaki wa wavu wa inchi moja na nusu na wale wa inchi mbili, umepima nyavu mbili tu. Kabla hujafanya lolote, hakikisha pande zote mbili wavu ni ule ule, na ikiwezekana ongeza samaki wa kokoro au wa mtego wa kikapu, kwa kuwa hivyo havichagui mzingo kwa ukali huo.

Sababu ya pili ni mayai. Ningu, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Labeo victorianus, hupanda mito mvua inapojaza maji, akataga pembezoni kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, kisha akateremka. Jike anayepanda ni mnene hadi anang'aa. Jike huyo huyo akishuka ni mfuko mtupu. Mpasue: akiwa na vifuko vya mayai vilivyolegea, vyekundu, visivyo na kitu, basi ametoka kuzaa, haumwi. Ukimpima wa Aprili upande mmoja na wa Juni upande mwingine, utagundua uchafuzi ambao haupo.

Wavu ukiwa mmoja na msimu mmoja, sasa piga hesabu. Chukua uzito kwa gramu, zidisha kwa 100, gawanya kwa urefu wa sentimita uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ningu wa sentimita 22 mwenye gramu 118: 22 × 22 × 22 ni 10,648, gawanya 11,800 kwa hiyo, unapata 1.11. Mwenzake wa urefu ule ule mwenye gramu 90 anapata 0.85. Nambari hii haina maana peke yake, na usiilinganishe kati ya ningu na kambare, kwa kuwa kambare ameumbwa mrefu. Ilinganishe ndani ya aina moja, kwa saizi zinazokaribiana, thelathini huku na thelathini kule.

Tofauti ikibaki hata baada ya hapo, mara nyingi ni njaa. Mdomo wa ningu umegeukia chini kwa sababu chakula chake ni utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe. Ingia mtoni, chagua jiwe lililo chini ya maji, pitisha kidole gumba juu yake. Ukisikia utelezi, na kidole kikatoka na ukijani, meza imeandaliwa. Kikitoka na tope la kijivu linalosagika kama unga, mwanga haufiki na samaki analamba udongo. Hapo uliza nini kimetokea katika wiki chache zilizopita huko juu: mchanga umeanza kuchimbwa? Barabara inakatwa? Mashamba yamelimwa hadi ukingoni, mvua ikafuata? Usirudi mwaka jana kutafuta sababu ya wembamba. Samaki aliyekonda mwaka jana ama amenenepa, ama amekufa.

"Amekuwa mpana kama sahani"

Mlaze samaki ubavu. Pima urefu kutoka ncha ya pua hadi nyama ya mkia inapoishia, bila pezi. Pima kimo, kutoka mgongoni hadi tumboni pale palipo pana zaidi. Gawanya urefu kwa kimo. Samaki wa sentimita 18 mwenye kimo cha 4 anapata 4.5, na umbo la namna hiyo hupenya maji bila kusukumana nayo sana. Mwenye kimo cha 6 anapata 3, na huyo kwenye mkondo mkali analipa kodi kila saa.

Ndiyo maana mkondo ndio wa kushukiwa kwanza. Mto ukizuiwa ukawa bwawa, ile kodi inafutwa. Mwili wenye kimo unakuwa na faida yake: samaki hugeuka haraka, huokota chakula katikati ya majani. Nchini Marekani, mtafiti Nathan Franssen alilinganisha visamaki vya vijito vya Oklahoma na ndugu zao waliojikuta ndani ya mabwawa yaliyojengwa karne ya 20. Wa mabwawani walikuwa na kimo zaidi na vichwa vidogo zaidi, na mabadiliko hayo yalielekea upande ule ule bwawa baada ya bwawa. Ni kazi ya miongo michache tu. Kwa samaki anayezaa akiwa na mwaka mmoja, hata hivyo, miongo michache ni vizazi vingi.

Kwetu mahali pa kuuliza swali hili ni Sondu. Mtambo wa Sondu-Miriu wa megawati 60 hauna bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Unayachota kwenye kizuio, unayapitisha kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, kisha mtambo wa Sang'oro wa megawati 21 unayatumia tena kabla hayajarudi mtoni. Mto mmoja, kwa hiyo, una vipande vitatu: juu ya kizuio, kile kinachobaki na maji pungufu, na kile cha chini maji yanaporudi. Anayetaka kujua kama mkondo unagusa umbo, avue vipande vyote vitatu kwa mwezi mmoja. Mimi nisingeanza na ningu wala fwani, samaki mwingine wa mtoni, ingawa ndio wanaopendwa na wafadhili. Hao ni wasafiri, na aliyevuliwa hapa leo wiki jana alikuwa kwingine. Ningeanza na visamaki vidogo, vile watoto huvua kwa chandarua, vinavyozaliwa na kufia karibu na jiwe lile lile.

Mshukiwa wa pili ni mlaji. Mwaka 1992 Christer Brönmark na Jeffrey Miner walionyesha kwamba samaki mmoja wa Ulaya, wa jamii moja na ningu, huota kimo akiishi na samaki mlaji anayemwinda. Mwili wenye kimo hauingii kirahisi kwenye kinywa. Maji hayakuwa na kasoro yoyote. Kilichobadilika ni jirani. Basi kabla ya kulaumu kizuio, uliza kama kuna mbuta (sangara) au kambare wakubwa walioingia kijitoni na mafuriko. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, maji yalivuka mipaka mingi ambayo samaki walikuwa wakiiheshimu.

"Kichwa kikubwa, mwili mdogo"

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa sura na yasiyohusiana kabisa.

La kwanza ni ngege, yaani tilapia, wa kidimbwi. Wakibanana, huzaa wangali wadogo, na chakula hakitoshi. Kichwa huonekana kikubwa kwa sababu mwili haujajaa nyuma yake. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneobunge, kwa maeneobunge 140. Baadhi viliachwa, na mvua kubwa inapokuja hakuna anayewaita samaki warudi. Ngege aliyedumaa kijitoni anaweza kuwa mkimbizi wa kidimbwi. Fuata kijito juu kwa kilomita moja kabla hujaandika barua kwa mtu.

La pili ni oksijeni, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Kwenye mafunjo mazito, kama yale ya Yala, maji huwa meusi na hewa ni haba. Samaki anayekulia humo anahitaji matamvua makubwa. Lauren Chapman na wenzake walichukua kisamaki cha jamii ya fulu kutoka kwenye kinamasi cha Uganda, wakagawanya watoto wa mama mmoja, nusu wakakuzwa kwenye maji yenye oksijeni nyingi na nusu kwenye maji yenye kidogo. Wa hewa kidogo walitoka na matamvua makubwa zaidi. Lakini kichwa cha samaki ni kama chumba cha kupanga: ukiingiza kabati kubwa, kitanda lazima kisogee. Misuli na mifupa ya kulia chakula ilibanwa, na ulaji ukadorora. Samaki alipata pumzi, akalipa kwa tonge.

Kupambanua, inua kifuniko cha tamvua. Wa kidimbwi kilichosongamana ana matamvua ya kawaida na mwili uliosinyaa. Wa hewa haba ana nyuzi ndefu zilizosongana, na eneo la kifuniko limetuna kama shavu la mtu aliyeficha njugu. Kisha pima oksijeni, na uipime saa kumi na moja alfajiri. Nasisitiza saa. Mchana mimea ya majini hutoa oksijeni, na mita itakudanganya. Ukienda saa nane mchana kwenye maji yaliyojaa ukijani, utaambiwa kila kitu ni salama. Usiku mimea hiyo hiyo inapumua pamoja na samaki, na alfajiri ndiyo saa ya dhiki. Ukiwaona wamepandisha midomo juu ya maji kabla ya jua kuchomoza, hata mita huihitaji.

Kumbuka tarehe hapa. Vichwa havitanuki kwa sababu molasi ilimwagika wiki jana. Mmwagiko mmoja mkubwa hunyonya oksijeni yote na kuua. Kichwa kikubwa kinamaanisha hewa imekuwa haba utoto mzima wa samaki: maji taka yanayotiririka kila siku, gugumaji lililoziba mlango wa mto tangu msimu uliopita, au kinamasi cha asili ambacho hakina kosa lolote. Samaki wa mafunjo ya Kanyaboli na ndugu yake wa mkondo wa Yala hawalingani hata kama kusingekuwa na kiwanda duniani. (Kuna samaki wa Amazon, tambaki, ambaye maji yakiishiwa oksijeni huvimbisha mdomo wa chini ndani ya saa chache ili achote maji ya juu, na hali ikirudi unanywea. Sijaona jambo kama hilo hapa kwetu, lakini nikiliona nitajua ni la asubuhi ile ile.)

"Mgongo umepinda"

Hii ndiyo picha inayosambaa kuliko zote. Swali la kwanza: ni wangapi? Mmoja kwenye wavu mzima ana historia yake binafsi. Wanne wa rika moja wana historia ya pamoja.

Swali la pili linajibiwa jikoni. Mchemshe samaki, nyama ikishalegea iondoe taratibu kwa uma, bakiza uti wa mgongo mzima, uweke juu ya gazeti ukauke. Hesabu pingili kutoka kichwani. Pingili moja au mbili zilizovunjika na kuunganika, zenye uvimbe wa mfupa kama fundo la kamba, ni ajali: ndege, kasia, wavu, au mvuvi anayetumia umeme. Umeme hukaza misuli ya pande mbili kwa nguvu kiasi kwamba uti wenyewe huvunjika, na samaki anayeponea hubaki na kibyongo. Pingili nyingi zilizobanana, fupi, zilizoungana bila fundo, kama shanga zilizoyeyukiana, ni tatizo la utotoni.

Na la utotoni lina milango mingi: joto lililopanda mayai yakiwa yanakua, hewa haba, metali kama risasi na kadimiamu, dawa za wadudu zinazoshambulia neva hadi misuli ikakaza kupita kiasi, ndugu kuzaana kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga, au lishe. Hili la lishe husahaulika. Yule kambare wa Nyalenda niliyemtaja mwanzoni hakuwa peke yake. Nilipofika walikuwa watatu, saizi moja, na wote walikuwa na ufa katikati ya fuvu, ukiushika kwa kidole unausikia. Kambare anayekosa vitamini C hupasuka kichwa namna hiyo na kupinda uti. Tulipofuata kijito tukakuta kidimbwi kilichofurika, na mwenyewe hakuona haya kutuambia kwamba alikuwa akiwalisha pumba tu, "kwani kambare anakula chochote." Huyo hakuwa na neno na kampuni yoyote.

Sikusema, hata hivyo, kwamba kijito kile ni salama, na hapa ndipo watu wa pande zote mbili hunikasirikia. Samaki aliyepinda si ushahidi wa sumu, na aliyenyooka si ushahidi wa usafi. Metali hujilimbikiza kwenye ini na misuli ya samaki aliyenyooka kama rula. Anayetaka kujua kama kitoweo kina risasi akipime risasi.

Jambo jingine: kifaranga aliyepinda haogelei vizuri, na mnandi, ndege mla samaki, humwona kwanza. Wengi huliwa kabla hawajafika saizi ya wavu. Ukipata mtu mzima mmoja aliyepinda, huenda walioanguliwa hivyo walikuwa wengi mno. Kwa hiyo ukishuku mayai, usihesabu samaki wakubwa. Nenda msimu wa kutaga na chandarua cha matundu madogo, kwenye maji ya kifundo cha mguu pembezoni, uhesabu vifaranga.

"Tumbo limevimba"

Pasua kwanza. Ukikuta mayai, funga mjadala. Kwa omena, mara nyingi utakuta tegu mweupe, bapa kama utepe, pengine mrefu kuliko samaki mwenyewe. Jina lake ni Ligula. Huanzia kwenye kinyesi cha ndege, akaingia kwa vidudu vidogo vya majini, akaliwa na omena, na safari yake huishia tumboni mwa mnandi au ndege mwingine mla samaki, si kwa mtu. Omena mwenye tegu huyu kwa kawaida hatagi. Hana uhusiano wa moja kwa moja na maji machafu.

Kama tumbo limejaa maji na magamba yamesimama kama manyoya ya kuku mgonjwa, hiyo ni figo kushindwa, mara nyingi kwa bakteria, na ni la siku chache. Usimle.

"Huyu ni samaki gani hata?"

Wakati mwingine umbo halijabadilika; limechanganyika. Ngege wa Nile aliletwa ziwani miaka ya 1950, na tangu hapo amezaa na wenyeji, mbiru na ngege wa asili. Watoto hutoka na umbo la katikati, kimo cha huyu na kichwa cha yule. Tazama pezi la mkia: mistari ya wima iliyopangika ni ya ngege wa Nile. Mistari iliyokatikakatika kwenye samaki mwenye sura ya mbiru inapaswa kukufanya usimjumuishe kwenye vipimo vyako vya mbiru.

Maji nayo yanaweza kuleta mchanganyiko huu kwa njia ya kuzunguka. Ole Seehausen na wenzake, mwaka 1997, walieleza jinsi fulu jike wa Ziwa Victoria wanavyochagua dume kwa rangi. Ukungu wa maji ukizidi, rangi hazionekani, uchumba unakuwa wa kubahatisha, na aina zinayeyukiana. Tope la Nyando, basi, laweza kubadili umbo bila kumgusa samaki hata mmoja mwilini.

Na fwani mwenye midomo minene kama mpira hajaugua. Fwani ana namna kadhaa za mdomo ndani ya aina moja, na wavuvi wa zamani huwa wanazijua. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniletea huyo kama ugunduzi. Humkaribisha chai kwanza.

"Kushoto hakulingani na kulia"

Hesabu miale ya pezi la kifuani upande mmoja, kisha upande wa pili. Kwa samaki mmoja tofauti haisemi kitu. Kwa thelathini, ikiwa wa mto huu wanatofautiana pande mbili zaidi ya wa mto ule, ukuaji wao ulivurugwa wakiwa wachanga, ingawa dalili hii haikuambii ni kwa kitu gani. Kazi yake ni nafuu: haihitaji zaidi ya macho, mwanga na subira.

"Picha niliyokutumia umeiona?"

Nimeiona, na haisomeki. Samaki ameshikwa kwa mkono, amejikunja, rula haipo, simu imeinamishwa. Samaki akikaa kwenye barafu amekunjwa hubaki amekunjwa, na kibyongo cha namna hiyo nimewahi kukipokea zaidi ya mara moja. Mlaze akiwa bado mbichi, ubavu wa kushoto juu, mdomo umefungwa, mapezi yametandazwa kwa pini. Weka rula kando yake, kwa kimo sawa na mwili wake, wala si mezani chini. Simu iwe juu wima, isimkaribie sana, maana lenzi ya karibu hutanua katikati ya picha. Anayetaka kwenda mbele zaidi kuna programu za bure, tpsDig ya kuweka alama kwenye picha na MorphoJ ya kulinganisha maumbo. Lakini programu haitanyoosha samaki uliyempiga picha vibaya.

"Sasa nina hakika ni maji"

Chota maji siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale uliponasa samaki, na pengine juu ya hapo. Kwa kushuku dawa za wadudu, funga samaki kwenye karatasi ya alumini, si mfuko wa plastiki, kisha weka kwenye barafu. Usimtie formalini, humsinyaza na kuharibu kipimo cha kemikali. Andika tarehe, mahali, aina ya wavu, idadi ya waliovuliwa wote na si wale wabaya tu. Pitia kwa viongozi wa BMU, kamati ya wavuvi ya ufukweni, kisha ofisi ya uvuvi ya kaunti, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kama kuna mmwagiko. Wakati mmoja nilipeleka samaki kwenye ofisi moja nikaambiwa wamehifadhiwa. Niliporudi walikuwa wameliwa. Gawanya sampuli mara mbili, nusu baki nayo.

"Samaki wetu wote wako sawa"

Hii haipokelewi kama lalamiko, lakini ndiyo dalili ninayoiogopa. Unavua siku nzima na kila aliye kwenye beseni amenyooka, kajaa, analingana kushoto na kulia. Angalia ni nani hayupo. Ningu alikuwa samaki mkuu wa biashara mitoni kabla ya nyavu za kunasa kuziba milango ya mito wakati wa kupanda kutaga; leo ameorodheshwa kati ya samaki walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hakupinda. Alipungua, na mahali pengi hakurudi. Na pale uvuvi unapochukua wakubwa mwaka baada ya mwaka, wanaobaki ni wale wanaozaa wakiwa wadogo. Kwa omena jambo hilo limepimwa ziwani.

Kwa hiyo nikifika kijiji kipya kando ya mto, kabla sijatoa mizani, humtafuta mvuvi mzee kuliko wote nimwombe anionyeshe kwa mkono ningu wa ujana wake. Wengi huweka kiganja juu ya meza na kugusa kiwiko. Rula yangu ni ya sentimita 30. Kwa ningu, bado haijaniishia.